Kila Mtu na Fungu Lake



Katika ukurasa huu tumezoea kusema nanyi juu ya malezi ya watoto, juu ya matumizi ya fedha, juu ya sala ya jioni na amani ya mume na mke. Mara hii twaingia jikoni. Labda akina baba watageuza ukurasa upesi wakidhani hamna neno lao humu. Twawaomba wangoje kidogo, kwa maana neno lenyewe ni lao kuliko kuwa la akina mama, nao wataliona likija. Akina mama nao wasicheke wakisema, "Leo mwalimu amekosa somo." Somo lipo.

Chakula tunachotaka kuwaeleza ni kitoweo cha kando, yaani si kile cha kushibisha, bali ni kile kinachowekwa pembeni ya viazi, bugali au wali siku ya sikukuu. Ni maharagi mabichi, yale yanayoliwa pamoja na maganda yake, ambayo watu wa mjini huyaita kwa Kifaransa haricots verts. Huchukuliwa machache machache, hufungwa kwa mshipi wa nyama ya nguruwe ya moshi, kisha huokwa mpaka mshipi ugeuke rangi na mafuta yake yashuke katikati ya maharagi.

Namna hiyo ya kupika imetoka Ubelgiji. Wabelgiji huyaita maharagi membamba ya aina hii princesses, maana yake mabinti wa mfalme, na siku za karamu huyaweka kando ya nyama ya kuoka, kila fungu na mshipi wake. Watu wa mji wa Liège wana desturi nyingine: huchanganya maharagi hayo na viazi vilivyochemshwa pamoja na vipande vidogo vya nyama ya moshi, halafu humimina siki katika kikaango kilicho bado na mafuta ya moto, na kuimwaga juu ya vyote. Chakula hicho chajulikana kwa jina la mji wao.

Lakini haragi lenyewe si la Wabelgiji. Asili yake ni Amerika, kule Mexico na katika milima ya Andes. Baada ya safari ya Christophe Colomb ya mwaka wa 1492 lilivuka bahari, likafika Ulaya, likafika Afrika, na leo katika milima ya Kivu hakuna nyumba isiyolijua. Na haragi bichi na haragi kavu ni watoto wa tumbo moja: la kwanza limechumwa likiwa changa, ganda lingali laini na mbegu ndogo; la pili limeachwa shambani mpaka likakomaa na kukauka. Basi mtu asituambie kwamba hiki ni chakula cha Wazungu. Wazungu pamoja nasi tulipewa na wakulima wa Amerika, nao hawakutudai kitu.

Sisi tulikijua chakula hiki katika seminari ndogo. Mpishi wetu alikuwa mzee aliyejifunza kazi ujanani mwake katika nyumba ya mapadri Wabelgiji. Mara tatu au nne kwa mwaka, maharagi ya bustani yetu, ambayo tuliyapalilia wenyewe huku tukinung'unika, yalifika mezani yakiwa yamevaa mishipi. Kabla ya kufunga hata fungu moja, mzee yule alipita huku na huku akihesabu vichwa. Alihesabu waseminari, akahesabu walimu, akahesabu mlinzi wa usiku, mchungaji wa ng'ombe, na mtoto aliyemsaidia kuosha masufuria. Ndipo alipofunga mafungu kadiri ya hesabu yake, wala hakufunga la ziada. Padri Mkuu wa seminari alipata fungu moja. Mwosha masufuria alipata fungu moja. Siku moja mwenzetu alimwuliza kwa nini hamwongezei Padri Mkuu. Mzee alijibu bila kuinua macho, "Tumbo la Padri Mkuu halikusoma Roma."

Tulicheka sana, wala hatukujua kwamba tumefundishwa. Maana katika lugha yetu neno fungu lina maana zaidi ya moja. Sokoni mama huuza mboga kwa mafungu. Mpishi hufunga maharagi yakawa mafungu. Tena fungu ni haki ya mtu, sehemu iliyo yake katika mali ya jamaa. Mzee yule aliyatia yote katika sinia moja.

Sasa tueleze kazi yenyewe.

Kwa watu 6 wahitaji gramu 750 za maharagi mabichi; mishipi 12 myembamba ya nyama ya nguruwe ya moshi, yenye uzito wa gramu 250 hata 300; kitunguu kimoja kikubwa; punje 2 za kitunguu saumu; pilipili manga kidogo; kijiko kimoja cha mafuta; na chumvi kwa ajili ya maji ya kuchemshia tu, kwa sababu nyama hiyo inayo chumvi yake tayari. Bei hatuitaji, maana yabadilika juma kwa juma kadiri ya hali ya barabara.

Ukiwa sokoni Kadutu, au soko lolote lililo karibu nawe, usinunue kwa macho tu. Shika haragi moja ulivunje. Likivunjika mara moja kwa sauti, ni changa. Likipindika kama kamba bila kuvunjika, limekaa siku nyingi. Likiwa limevimba kwa mbegu, liache likomae ukalipike bila ganda lake. Nyama nayo iwe imara, mafuta yake meupe, harufu yake ya moshi safi; ikiteleza mkononi au ikinuka uchachu, mwachie mwenyewe.

Nyumbani, osha maharagi, kata ncha zote mbili, na uvute uzi ulio ubavuni mwa ganda kama upo. Zamani karibu kila haragi lilikuwa na uzi huo mgumu unaokwama katika meno. Mwaka wa 1884 mkulima wa mbegu jina lake Calvin Keeney, wa mji wa Le Roy katika jimbo la New York, Marekani, alipata kwa uvumilivu mbegu ya haragi lisilo na uzi, na tangu hapo kazi ya akina mama wengi duniani imepungua. Lakini mbegu za kwetu zimechanganyika. Basi jaribu la kwanza na la pili kabla ya kuacha kuvuta.

Chemsha maji mengi yenye chumvi. Yakichemka kwa nguvu, tia maharagi, na uyaache dakika 6 hata 8. Vitabu vya Ulaya husema dakika 4 au 5. Usivisadiki katika jambo hili. Waliviandika watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa digrii 100. Sisi wa Bukavu twakaa juu, mita 1,500 hivi, na huku maji huchemka kwa digrii 95 tu. Maji yaruka na kutoa povu vilevile, lakini moto wake ni mdogo, na kwa hiyo kila kitu cha kuchemsha chahitaji muda zaidi. Wala mtu asiruke kazi hii ya kuchemsha. Katika haragi lisilopikwa mna kitu cha kudhuru kiitwacho lektini, hasa katika mbegu zake, chenye kuleta kichefuchefu na kuhara; maji yanayochemka kwa nguvu hukivunja.

Mwaga maji ya moto, mimina ya baridi juu ya maharagi ili yasiendelee kuiva na yabaki na rangi yake ya majani. Kisha, na hapa wengi hukosea, yakaushe kwa kitambaa safi. Haragi lenye maji haliokwi, lapikwa kwa mvuke, na mshipi wake utakuwa mlaini kama ngozi iliyonyeshewa.

Sasa funga. Gawanya maharagi katika sehemu 12 zilizo sawa. Ziwe sawa kweli, hesabu kwa vidole. Zungushia kila sehemu mshipi mmoja wa nyama, na ncha ya mshipi iwe chini ili fungu lisifunguke. Ukipenda, lichome kijiti chembamba. Paka sinia la chuma mafuta, tandaza vipande vya kitunguu na kitunguu saumu, panga mafungu juu yake yasibanane, nyunyiza pilipili manga. Ukiwa na tanuri, liwe na digrii 200, nawe uyaache mafungu dakika 20 hata 25, ukiyageuza mara moja.

Najua wengi watasema, "Tanuri twalipata wapi?" Mbabula yatosha. Chukua sufuria nzito yenye kifuniko cha bati kilicho bapa. Weka makala machache chini, na mengi zaidi juu ya kifuniko, kwa sababu mshipi huiva kwa moto wa juu, na maharagi huungua kwa moto wa chini. Baada ya dakika 15 inua kifuniko polepole, majivu yasianguke ndani, futa maji yaliyojikusanya upande wake wa chini, geuza mafungu, funika tena. Dakika 15 nyingine zatosha kwa kawaida. Kazi hii ifanyike nje au penye hewa nyingi. Makala katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo imekwisha kuua jamaa nzima katika usingizi mmoja.

Utajua kwamba yameiva ukiona mshipi umekuwa wa rangi ya kahawia na kingo zake zimekakamaa, na kila haragi linang'aa kwa mafuta. Ukipenda ladha kali kidogo, nyunyiza siki matone machache kama watu wa Liège.

Na yule asiyepata nyama ya moshi? Achukue nyama mbichi ya tumbo la nguruwe, aichemshe kwanza na chumvi mpaka iive kabisa, aikate membamba, ndipo aifunge na kuioka. Katika jambo hili la kuiva twasema kwa nguvu. Nguruwe anayezurura na kula uchafu wa watu huweza kubeba minyoo ya tegu. Nyama yake huonekana na malengelenge madogo meupe, mfano wa punje za mchele. Mtu akiila haijaiva, mnyoo hukua tumboni mwake. Mayai ya mnyoo hutoka katika choo chake, na mtu mwingine akiyameza kwa maji machafu au mikono isiyonawishwa, malengelenge yaweza kuingia katika ubongo wake na kuleta kifafa. Ni wagonjwa wangapi wa kifafa waliosemwa kwamba wamerogwa, na jirani asiye na kosa akafukuzwa kijijini! Basi nguruwe afungiwe, choo kichimbwe, mikono inawiwe, nyama iive mpaka ndani isibaki na wekundu. Chumvi na moshi si moto. Usivitegemee peke yake.

Mpaka hapa tumesema na akina mama. Sasa, akina baba, neno lenu hili hapa. Twaanza na kosa letu wenyewe.

Siku ya Noeli iliyopita mama wa watoto alipika chakula hiki nyumbani kwetu, kama tulivyomwomba. Tu watu 6: sisi, yeye, mama yetu mzee, na watoto watatu. Alifunga mafungu 12, mawili kwa kila mtu. Lakini kabla hatujakaa, walimu wawili wenzetu walikuja kutupa heri ya Noeli, nasi tukawakaribisha mezani. Wanawake na watoto walikula jikoni, kama ilivyo desturi mgeni akija. Mbele yetu sisi wanaume watatu yaliletwa mafungu 9. Tukala, tukasifu mpishi, tukazungumza juu ya mishahara isiyofika.

Katikati ya mazungumzo mtoto wetu wa kike, mwenye miaka sita, alikuja na sahani yake. Ndani yake yalikuwamo maharagi matano au sita, yamefunguliwa. Akatunyoshea kidole moja la maharagi yale. Katikati ya ganda lake palikuwa na alama ya kahawia, pana kama kidole, mahali mshipi ulipokuwa.

Akasema, "Baba, haya yangu yana alama ya mshipi. Mshipi wake uko wapi?"

Tulitazama sahani yetu. Juu ya mafungu yetu ilikuwako mishipi miwili ya ziada, imelazwa kwa mapambo. Wageni walicheka, nasi tukacheka. Mtoto hakucheka. Alingoja jibu kidogo, kisha akarudi jikoni.

Usiku, wageni walipokwisha kwenda, tulimwuliza mama wa watoto jinsi alivyogawa. Alisema: mama mzee fungu moja, watoto watatu mafungu mawili, mishipi yake akaitoa ili sahani ya baba iwe ya heshima mbele ya wageni. Tukauliza, "Na fungu lako?" Akajibu, "Nilikula vitunguu vilivyobaki chini ya sufuria." Tulianza kumlaumu. Akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole, "Baba wa watoto, mama yangu aligawa hivi, na mama yake vilevile. Miaka yote hii nimekuletea sahani namna hii, nawe hujairudisha hata siku moja."

Neno hili lilituingia. Tumesoma miaka mingi, tumefundisha wengine haki na mapendo, tumeandika katika ukurasa huu juu ya usawa wa mume na mke mbele ya Mungu. Lakini sahani hatujairudisha hata siku moja.

Mtu atasema, "Mwalimu, hii ni mishipi miwili ya nyama, waipigia kengele?" Ndugu, kama ingekuwa mishipi ya siku moja, tungenyamaza. Desturi ya siku moja ni desturi ya mwaka. Zamani mahali pengi katika nchi yetu wanawake walikatazwa kuku na mayai, na mtoto aliambiwa kwamba nyama ni ya wakubwa. Miiko hiyo wengi twasema tumeiacha. Lakini mkono wa kugawa haujasahau.

Katika Bushi upo ugonjwa wa watoto uitwao bwaki, ule ambao waganga wa dunia nzima huuita kwashiorkor, kwa jina lililotoka katika lugha ya Kiga ya nchi ya Ghana na kuandikwa na daktari Cicely Williams mwaka wa 1935. Mtoto huachishwa ziwa, hupewa bugali ya muhogo na mchuzi mwepesi. Miguu yake huvimba, nywele zake hugeuka rangi na kunyonyoka, hanuni tena wala hachezi. Waganga wa leo wajua kwamba sababu zake ni zaidi ya moja, na umaskini na vita vimo. Lakini sisi tuliowahi kumfuata mwanafunzi kwao, kumwuliza kwa nini amekosa masomo, tumemkuta mdogo wake amevimba miguu katika nyumba yenye mabati mapya na mbuzi uani. Njaa ile haikuingia kwa mlango. Iligawiwa pale pale mezani.

Tuelewane vizuri. Mtoto aliyekwisha kuvimba si wa kupikiwa maharagi na nyama ya moshi. Apelekwe hospitali au kituo cha lishe siku ile ile. Wala hatusemi maharagi mabichi yachukue mahali pa maharagi makavu, kwa maana haragi kavu lina nguvu ya kujenga mwili mara nyingi kuliko bichi, na ndilo liwe chakula cha kila siku. Twasema jambo moja tu: kidogo kilichopo kiwe cha wote.

Maandiko Matakatifu hayakuona haya kusema juu ya nyama na sufuria. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma habari za wana wa kuhani Eli, ambao mtumishi wao alikuja na uma wa meno matatu, akauchovya chunguni na kuwachukulia kila kilichopanda nao. Mungu aliihesabu dhambi ile kuwa kubwa sana. Katika kitabu kile kile twasoma habari za Daudi penye kijito cha Besori. Watu 200 walikuwa wamechoka wakabaki kulinda mizigo. 400 walikwenda vitani, wakarudi na nyara, na baadhi yao hawakutaka kuwagawia waliobaki. Daudi aliamua kwamba fungu la aliyekwenda na fungu la aliyekaa penye mizigo yawe sawa, na akaifanya kuwa sheria. Akina baba, ni nani nyumbani mwetu anayekaa penye mizigo? Ni nani anayeamka kwanza, anayechota maji, anayepuliza makala mpaka macho yawe mekundu? Nasi, tukirudi jioni na nyara zetu ndogo, tumkumbuke Daudi.

Basi twapendekeza desturi tatu, si ngumu. Ya kwanza: kabla ya kufunga mafungu, vichwa vihesabiwe, na kichwa cha mpishi kiwe cha kwanza. Ya pili: baba asianze kula mpaka aone kwa macho yake kwamba sahani ya mama na za watoto zimejazwa, na ikiwa zake zimepita kiasi, airudishe sahani yake bila hasira. Ya tatu: mgeni akija, fungu lake litoke katika sahani ya baba. Ukarimu unaolipwa na tumbo la mtoto si ukarimu.

Tena tusimsahau mgeni mwenyewe. Jirani Mwislamu, Mwadventista na Mkimbangisti hawali nguruwe. Siku ya kuwaalika, yafunge maharagi kwa jani jembamba la kitunguu lililopitishwa katika maji ya moto, na uyamwagie karanga za kukaanga zilizopondwa. Chakula hicho hicho chafaa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, siku ambazo sisi wenyewe twaacha nyama.

Tumalize kwa habari fupi. Siku ya Pasaka mama wa watoto alifunga tena mafungu 12. Watoto walihesabu pamoja naye kwa sauti, kila fungu jina la mwenyewe. Tulipokuwa tumekwisha kusali sala ya chakula, mgeni alibisha hodi: ni mmoja wa walimu wale wale wa Noeli. Mtoto wetu wa kike alitutazama, akatazama sahani, akangoja. Tukachukua fungu moja katika yale mawili yetu, tukaliweka mbele ya mgeni. Yeye akashuka macho kwenye sahani yake, akaviangalia vipande vyake viwili vya maharagi vilivyofungwa, kila kimoja na mshipi wake, akaanza kula.

Kizuri kula na mwenzio, walisema wazee. Na mwenzio wa kwanza ni yule aliyepuliza makala.